Upepo wa Gurudumu la Kushoto

"Andika kwamba nilisahau," Fundi alisema. "Andika tu, Mama Inspekta, yaishe."

Inspekta hakuandika. Aliilaza kalamu mezani, akaisukuma mbali na mkono wake kana kwamba ingeweza kuandika yenyewe.

"Ulisahau nini?"

"Kufunga koki ya mtungi wa gesi."

"Unakumbuka kwamba hukuifunga?"

"Sikumbuki kwamba niliifunga."

"Hayo ni mambo mawili."

"Kwako wewe ni mawili. Kwa dada yangu ni moja."

Alikuwa mtu wa kifua kipana, mchomeleaji wa mageti na madirisha, na mikono yake ilijaa alama ndogo ndogo za cheche kama ya mtu aliyepona tetekuwanga. Alikuwa mahabusu tangu Jumatatu. Asubuhi ya siku hiyo chumba cha kuivishia ndizi, kilichotenganishwa na karakana yake kwa ukuta mmoja wenye ufa, kililipuka mara tu mpakizi wa ghala alipowasha taa. Mpakizi alikufa palepale. Watu wa soko walimwita Haraka, kwa sababu hakuwahi kuharakisha jambo lolote maishani mwake. Alikuwa mume wa dada yake Fundi.

Zimamoto walipofukua kifusi waliukuta mtungi wa Fundi umelala, koki iko wazi, ndani hamna kitu. Mwenye ghala alisema gesi ilipenya kwenye ufa usiku kucha. Jirani mmoja alisema alisikia harufu kama ya kitunguu saumu kilichooza. Kila kitu kilikaa mahali pake vizuri kabisa, na ndiyo maana Inspekta alikuwa bado anauliza maswali.

"Ulipoondoka Jumapili, mtungi ulikuwa umesimama au umelala?"

"Umesimama. Nimeufunga kwa mnyororo. Hilo nakumbuka."

"Umekutwa umelala, mnyororo umekatika."

"Ukuta umeuangukia."

"Basi ukuta huohuo unaweza kuigonga koki ikafunguka."

Fundi alitikisa kichwa. "Usinitafutie mlango, Mama. Shemeji yangu amezikwa mimi nikiwa humu. Dada yangu hajaniletea hata salamu. Andika nilisahau."

Koplo, aliyekuwa ameegemea mlango, alikohoa. "Afande, mtu akitaka kujifunga mwenyewe, sisi tunamzuia?"

"Tunamwomba asubiri," Inspekta alisema, akasimama.

*

Mwenye ghala, ambaye soko zima lilimwita Tajiri, aliwapokea katikati ya majivu akiwa na shati jeupe na viatu vinavyong'aa. Ukumbi mkubwa wa ghala ulikuwa umesalimika. Chumba cha kuivishia, kule nyuma, kilikuwa kimepoteza nusu ya paa na ukuta wote wa upande wa Fundi. Sakafuni palikuwa na ute mweupe uliokaukia kwenye pembe.

Inspekta alichuchumaa, akausugua kwa kidole.

"Chokaa hiyo, dada yangu," Tajiri alisema kabla hajaulizwa. "Nilipaka kuta juzijuzi tu. Mlipuko umeibandua, maji ya zimamoto yameiteremsha."

Ilikuwa kweli kwamba kuta zilikuwa zimepakwa upya. Koplo alikuwa ameupeleka ute huo kwa mkemia siku ya kwanza, akiamini kwamba ni masalia ya kabaidi, yale mawe ya kijivu ambayo wachuuzi wengine huyaficha kati ya matunda mabichi ili yaive upesi. Mkemia alimjibu kwa upole kwamba kabaidi ikishamalizwa na maji huacha chokaa, na chokaa ni chokaa, haisemi ilikotoka.

"Ndizi zako ulikuwa unaziivisha kwa nini?" Inspekta aliuliza.

"Kwa joto na subira. Mlango unafungwa, joto linakaa, ndizi zenyewe zinaambizana. Kabaidi imekatazwa. Mimi nina jina langu."

"Sijataja kabaidi."

"Wewe hujaitaja. Koplo wako ameitaja kuanzia kwa muuza nyanya mpaka kwa kinyozi."

Koplo aliangalia viatu vyake.

"Na nikwambie kitu," Tajiri aliendelea, kidole juu. "Hapa palikuwa pasafi kuliko jikoni kwa mama yako, unisamehe. Wanunuzi wakubwa walikuwa wanakuja Jumatatu. Jumapili jioni nilisimama mwenyewe, sakafu ikasuguliwa kwa sabuni, ikamwagiwa maji kwa mpira, kreti hadi kreti. Muulize yeyote."

"Maji yalifika chini ya kreti?"

"Mpaka chini ya kreti. Usafi wa kupitisha juu juu si usafi."

"Nitauliza," Inspekta alisema.

Walitoka uani. Toroli la ghala, lile la magurudumu mawili, lilikuwa limerushwa na mlipuko kupitia mlangoni likatua kwenye rundo la magunia matupu bila kuvunjika. Koplo alikuwa amelinyoosha na kukaa juu yake, akijipepea kwa kofia, mwanamke mmoja alipoingia getini. Alivaa nguo nyeusi. Alikuwa amekuja kuchukua vitu vya mume wake: koti la kazi na chupa ya chai. Inspekta alimtambua kwa uso. Alikuwa na kidevu kilekile cha Fundi.

"Shuka hapo juu, baba, utalipasua," mjane alimwambia Koplo.

Koplo alishuka. Mjane aliliangalia toroli kitambo, kisha akaligusa gurudumu la kushoto kwa ncha ya kiatu.

"Huyu alikuwa mke mwenzangu," alisema.

"Kivipi, mama?"

"Kila jioni mume wangu anachelewa, nikimuuliza, ni gurudumu. Linapumua, analijaza upepo. Kesho linapumua tena. Nikamwambia, lipeleke likazibwe pancha. Nitalipeleka. Maisha yake yote yalikuwa nitalipeleka." Alitaka kucheka, akaishia kati. "Ndiyo maana wakamwita jina lile."

Inspekta alikuwa ameshaanza kuondoka. Alisimama. "Alikuwa analijazia wapi?"

"Humohumo ndani kwenye ndizi. Tajiri ameifunga pampu kwa mnyororo kwenye nguzo ya chumba, anaogopa wezi. Mpaka uingie na toroli, ufunge mlango nyuma yako ndizi zisipigwe na baridi, ndipo uanze kupiga pampu. Alikuwa anarudi nyumbani kalowa jasho kama mtu aliyeoga na nguo zake."

"Na Jumapili alilijaza?"

"Jumapili alichelewa kupita siku zote. Alisema wanaosha sakafu. Akasubiri waoshe wamalize, ndipo akajaza, akafunga ghala, akaja."

Inspekta aliinama, akalibonyeza gurudumu kwa dole gumba. Lilikuwa limelegea kidogo, lakini halikuwa limeisha. Akabonyeza tena, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Koplo. Usilikalie tena. Usilisukume. Tafuta mtu wa kuyachomoa magurudumu haya bila kupoteza upepo hata kidogo."

"Afande, hilo ni tairi tu."

"Ni chupa," Inspekta alisema. "Mtu ameijaza hewa ya chumba kile Jumapili jioni, akaifunga vizuri."

Koplo aliliangalia gurudumu, akamwangalia Inspekta, akaliangalia tena gurudumu. Kofia yake ilisimama hewani.

"Na la kulia?" aliuliza hatimaye.

"La kulia halijawahi kumsumbua," mjane alijibu. "La kulia lilikuwa mimi."

"Yote mawili," Inspekta alisema.

*

Maabara ya serikali ilifanya ilichoweza. Ilikuta asetilini, gesi ya kuchomelea, ndani ya gurudumu la kushoto, na chini ya asetilini kitu kingine ambacho mashine yao ilikiona kama kivuli tu. Mkemia aliandika namba ya simu ya mtu wa chuo kikuu, akasema, huyu ana kitana.

"Kitana cha nini?" Koplo aliuliza njiani.

"Ameniambia kitana. Nimemwamini."

Mwenye kitana alikuwa mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi na ndara, aliyewapokea kwenye chumba cha chini ya jengo, baridi kama friji, madirisha yamezibwa. Alijitambulisha kama Daktari. Koplo, ambaye mgongo ulikuwa umemshika tangu siku ya kubeba magurudumu, alifungua mdomo.

"Mimi si daktari wa watu, mdogo wangu," Daktari alimwahi. "Ukinionyesha mgongo nitakuonea huruma, basi. Mmeleta?"

Walikuwa wameleta chupa nne za chuma, kila moja imezungushiwa utepe wa rangi. Mpango huo ulikuwa wa Daktari mwenyewe. Alikuwa amemwambia Inspekta kwenye simu: nileteeni gesi zenu, lakini msiniambie ipi ni ipi, kwa sababu nikijua nitaanza kuona ninachotaka kukiona. Koplo ndiye aliyefunga tepe. Nyekundu ilikuwa mabaki ya mtungi wa Fundi, kwa kuwa mtungi hata ukiitwa mtupu huacha pumzi ndani yake. Bluu ilikuwa gesi ya kabaidi, jiwe moja walilolichukua kwenye bohari ya vielelezo na kulilowesha maji. Njano ilikuwa upepo wa gurudumu la kulia. Kijani ilikuwa upepo wa gurudumu la kushoto.

"Kabla hatujaanza," Inspekta alisema, "nielewe mimi kwanza. Mtungi wa fundi ni asetilini. Kabaidi ikilowa inatoa asetilini. Gesi ni moja. Utazitofautishaje?"

"Kwa marafiki zake." Daktari alikalia stuli. "Gesi ya mtungi imeoshwa kiwandani. Halafu haikai peke yake, ingelipuka; inalala ndani ya asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kwa hiyo ikitoka, inatoka na asetoni kidogo. Gesi ya kabaidi haijaoshwa na mtu. Inatoka kwenye jiwe na uchafu wake, na mmoja wa uchafu huo ni amonia. Kidogo sana. Tabu ni kwamba pale ninapoweza kuiona amonia, asetilini imejaa. Ni kama kutafuta mtu anayenong'ona katikati ya kwaya."

"Na mashine ya serikali inasikia kwaya tu."

"Sio kosa lao. Inataka sikio jembamba."

"Mashine yako iko wapi?"

Daktari aliashiria meza. Inspekta aliona nyaya, bomba la kioo lenye urefu wa mkono, vifaa viwili vitatu vya kawaida. Alizunguka meza nzima akitafuta kitu kikubwa. Hapakuwa na kitu kikubwa.

"Inama hapa," Daktari alisema, akamsogezea lenzi.

Chini ya lenzi palikuwa na kipande cha kioo cheusi, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Juu ya kipande hicho palikuwa na kipete. Inspekta ilimbidi aache kupumua ndipo akione. Kingo yake ilikuwa nyembamba kuliko unywele.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo. Naingiza leza ya rangi moja, rangi ambayo macho yetu hayaioni. Mwanga unaingia kwenye kipete, hauna pa kutokea, unazunguka. Unazunguka mara nyingi mno, unajipanda wenyewe, unajibana, mpaka ile rangi moja inazaa nyingine, kushoto na kulia. Zinatoka mamia. Na nafasi kati ya rangi na rangi ni ileile, haipungui haizidi, kama meno ya kitana."

"Kitana cha mwanga," Koplo alisema taratibu.

"Kinachochana hewa. Kila molekuli ina rangi zake inazokula. Napitisha kitana ndani ya bomba lenye gesi yako, halafu nahesabu jino lipi limetoka zima na lipi limeliwa. Meno yakiwa mbali mbali, nakipasha moto kipete kidogo tu, meno yote yanasogea pamoja, polepole, mpaka kila jino limepita kwenye pengo lake lote. Hakuna pa kujificha."

Inspekta alibaki ameinama juu ya lenzi. Alikuwa amefanya kazi na alama za vidole, na damu, na nyayo kwenye matope, vitu ambavyo mtu mzima anaweza kuvionyesha kwa kidole. Aliinuka.

"Anza na unayotaka," alisema.

Daktari alichukua nyekundu. Alivuta hewa yote kutoka kwenye bomba, akaruhusu gesi kidogo sana iingie, kwa sababu, alisema, molekuli zikibanana husukumana, na zikisukumana mistari yao hunenepa. Kisha akazima taa ya dari, akawasha kioo cha kompyuta.

Mwanzoni palikuwa na mstari mmoja ulionyooka, wa kijani, ukitembea kutoka kushoto. Kisha ukazama, ukainuka. Ukazama kidogo, ukainuka. Ukazama sana tena. Mashimo yalijitokeza moja baada ya jingine, yamepangana kwa nafasi sawa, na yalikuwa yakibadilishana: shimo refu, shimo fupi, shimo refu, shimo fupi, mpaka mwisho wa kioo.

Koplo alivua kofia.

"Nani anayapanga hivi?" Inspekta aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko alivyokusudia.

"Hakuna mtu. Asetilini ina hidrojeni mbili, moja huku, moja huku, zimefanana kabisa, huwezi kuzibadilisha ikajulikana. Kwa sababu ya kufanana huko inapozunguka inazunguka kwa hesabu hiyo. Mzito, mwepesi, mzito, mwepesi. Ilikuwa hivi kabla hajazaliwa mtu wa kwanza. Kuna nyota zimezungukwa na gesi hii, na huko nako ni hivihivi."

"Na sisi tunachomelea mageti nayo," Koplo alisema.

"Nanyi mnachomelea mageti nayo."

Alisogeza picha ikaonekana kwa ukubwa. Mashimo yalikuwa safi, yamesimama peke yake. Upande mmoja mstari ulikuwa umeinama kidogo kwa ujumla, kama shuka lililolaliwa. "Huo mlegeo mpana ni asetoni. Asetoni ni molekuli kubwa, nzito, haina mistari myembamba, inaacha kivuli. Hii imetoka kwenye mtungi. Nimekosea?"

Koplo alimwangalia Inspekta. Inspekta alitikisa kichwa kidogo, na Koplo akafunga mdomo.

"Vizuri. Msiniambie."

Chupa ya pili ilikuwa njano, gurudumu la kulia. Mstari ulitembea umenyooka mpaka mwisho, na Daktari akasema hewa ya kawaida, mvuke wa maji, hakuna kitu. Ya tatu ilikuwa bluu. Kwaya ilirudi, mzito mwepesi, mzito mwepesi, lakini safari hii, kati ya mashimo, palikuwa na mashimo mengine membamba yaliyosimama bila mpangilio wowote, mawili hapa, moja kule, matatu yamebanana, kama watoto waliojipenyeza kwenye gwaride.

"Amonia," Daktari alisema. "Na shuka halijalaliwa. Hakuna asetoni."

Alisafisha bomba. Alilipasha moto. Amonia, alieleza, hung'ang'ania kuta za bomba kama harufu kwenye pazia, na hata ndani ya mpira wa gurudumu lazima nyingine imebaki imeganda; kitakachoonekana kitakuwa pungufu kuliko kilichokuwepo. Alilisafisha tena. Inspekta hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti cha Daktari, mikono mfukoni, na Koplo alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili mbele ya tumbo.

Ikabaki kijani.

Mstari ulianza kutembea. Ukazama, ukainuka. Mzito, mwepesi. Kisha, kati ya mashimo mawili, pakatokea kijishimo chembamba. Daktari alisimamisha picha, akaikuza, akaiweka juu ya picha ya bluu. Vijishimo vilikaa juu ya vijishimo. Vilikuwa vifupi zaidi, lakini kila kimoja kilikuwa mahali pake, mpaka wale watatu waliobanana.

"Hawa ni mtu na ndugu yake," Daktari alisema. "Bluu na kijani zimetoka kwenye ukoo mmoja. Nyekundu si wao."

Koplo alipumua. Inaelekea hakuwa amepumua tangu mstari uanze.

Inspekta alitoa chupa ndogo ya plastiki kwenye mfuko wa koti. "Wakili atasema sabuni. Sakafu ilioshwa kabla gurudumu halijajazwa. Sabuni nyingine zina amonia."

"Ndiyo hiyo sabuni yenyewe?"

"Tajiri amenipa kwa mkono wake. Anajivunia."

Daktari aliimimina kidogo kwenye chupa, akavuta mvuke wake, akaupitisha kwenye kitana. Walisubiri. Mstari ulitembea umenyooka.

"Sabuni haina kesi," alisema.

"Na asetoni kwenye kijani?"

"Sioni. Kama kuna gesi ya mtungi iliyoingia chumba kile kabla gurudumu halijajazwa, ni kidogo mno kwangu mimi. Na kwangu mimi ni kidogo kweli."

"Kulikuwa na asetilini kiasi gani jioni hiyo?"

"Ndani ya mpira imechanganyika na upepo wa siku zilizopita, kwa hiyo chumbani ilikuwa zaidi ya ninavyoiona. Ilikuwa njiani kufika pa kulipuka. Na kabaidi ilikuwa ndiyo kwanza imepewa maji. Ilikuwa na usiku mzima mbele yake, mlango umefungwa, joto limekaa."

Inspekta alikuwa anaangalia kioo. Mashimo ya kijani yalikuwa bado yamesimama, mzito, mwepesi, na wale watoto katikati yao.

"Alipiga pampu hii peke yake," alisema. "Mlango umefungwa. Alikuwa na haraka ya kurudi kwa mke wake, kwa mara ya kwanza pengine, maana alikuwa amechelewa. Na kila alipobonyeza, alikuwa anatuandalia ushahidi."

Daktari aliwasha taa ya dari, na wote watatu wakapepesa macho kama watu waliotoka mahali pa mbali.

"Kwenye gurudumu mmebakisha?" aliuliza.

"Zaidi ya nusu."

"Usiguswe. Mtu mwingine mwenye kitana kama hiki aurudie, asiyenijua mimi wala ninyi. Akipata tofauti, mniite muongo mbele ya hakimu."

*

Kwenye ngazi za kituo Inspekta alisimama. "Kamlete Tajiri."

"Nimwambie ni kuhusu nini, Afande?"

"Mwambie tunataka kuzungumza juu ya usafi wake."

Koplo alicheka, akaacha, akaenda.

Mjane alikuwa ameshafika. Inspekta alimpeleka mwenyewe kwenye chumba cha vielelezo, ambako gurudumu la kushoto lilikuwa limelazwa juu ya meza, limefungwa lakiri kwenye mdomo wa mpira, peke yake, kama kitu cha thamani. Alimweleza kwa maneno machache. Alimweleza kuhusu mawe yaliyowekwa chini ya kreti, na maji yaliyoyafikia, na hewa ya chumba. Kitana alikieleza vibaya, akarudia, akakieleza vibaya tena, akaacha.

Mjane alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo humu ndani ni upepo wake."

"Alioupiga yeye."

"Bado upo?"

"Tumechukua kidogo. Uliobaki hautaguswa na mtu."

Mjane aliweka kiganja juu ya mpira. Hakubonyeza. Aliuacha mkono pale.

"Na mimi nilikuwa namwambia kila siku akalizibe."

"Angeliziba, lisingehitaji upepo Jumapili," Inspekta alisema. "Tusingekuwa na kitu."

Nje mtu alikuwa anabishana na askari wa zamu kuhusu baiskeli.

"Na kaka yangu?"

"Anasema alisahau kufunga koki."

"Alisahau?"

"Sijui, na yeye hajui, na hakuna mwanga wa kulionyesha hilo."

Inspekta alitoka, akarudi na Fundi. Alimsimamisha mlangoni, upande wa pili wa meza, gurudumu katikati yao. Fundi hakuinua macho. Alianza kusema neno, na neno lilikuwa nilisahau, na Inspekta akalikata.

"Nisikilize mara moja. Siwezi kukuambia koki yako ilikuwa imefungwa. Ninachoweza kukuambia, na nitakisema mahakamani, ni kwamba chumba kile hakikukuhitaji. Kilikuwa kinajijaza chenyewe jioni ile. Ungefunga koki, ungeiacha, ungekuwa huna mtungi kabisa, asubuhi taa ingewashwa na ingekuwa vilevile."

Fundi aliliangalia gurudumu. Aliliangalia muda mrefu, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Mikono yake, ile ya alama za cheche, ilikuwa inatetemeka, na aliificha nyuma.

Mjane aliinua kiganja kutoka kwenye mpira. Akaweka kwenye kona ya meza, mbali na gurudumu, chupa ya chai ya mume wake, akafungua kifuniko, akamimina. Chai ilikuwa bado ya moto. Alikuwa ameitengeneza asubuhi hiyo.

"Kaka," alisema, "umekula?"

Fundi akatikisa kichwa.

Mjane alizunguka meza, akampa kifuniko chenye chai, akakishikilia mpaka mikono ya kaka yake ilipotulia.